Je, Taka ni za Nani?

Walimu wenzetu wanajua jinsi neno dogo linavyoweza kuwatatiza wanafunzi kuliko neno refu. "Taka" ni mojawapo ya maneno hayo. Likiwa kitenzi, kutaka ni kutamani kupata kitu. Likiwa nomino, taka ni kile ambacho hatukitamani tena, tunachokifagia na kukitupa. Kila mwaka tunawaeleza wanafunzi kwamba hayo ni maneno mawili yanayofanana kwa sauti tu, na kwamba wasitafute undugu pasipo na undugu.

Muhula mmoja tulitaja ganda la ndizi kuwa mfano wa neno la pili. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akasimama, akasema, "Mwalimu, nyumbani kwetu ganda la ndizi ni chakula cha mbuzi. Basi linageuka taka wakati gani?" Wenzake walicheka, nasi tulitabasamu, tukaendelea na somo. Lakini swali lile lilibaki nasi. Tulilifungulia kamusi, na kamusi haikutusaidia, kwa kuwa halikuwa swali la maana ya neno. Lilikuwa swali la maadili, na tulipolifuata lilizaa la pili lililo gumu zaidi: ganda likishageuka taka, ni la nani? Je, ni la aliyekula ndizi, ni la halmashauri ya mji, au ni la yule anayeishi chini ya jaa ambako litafikia?

Katika makala haya tunakusudia kulichungua swali hilo kwa utulivu, kwa sababu halimo tena vitabuni tu. Limekwisha kuingia katika sheria za nchi nyingi.

Tuanze na yanayotendeka. Jiji la Milan, nchini Italia, lenye watu zaidi ya milioni moja na robo, lilianza mwezi wa Novemba mwaka 2012 kuchukua mabaki ya chakula peke yake kutoka nyumba za sehemu moja ya jiji, na kufikia katikati ya mwaka 2014 utaratibu huo ulikuwa umeenea jiji zima. Katika Wales, halmashauri zote 22 huchukua makombo ya jikoni kila juma. Katika England, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2021 ilizitaka halmashauri zifanye vivyo hivyo, na tarehe iliyowekwa kwa halmashauri nyingi ni 31 Machi 2026. Nchini Australia, jimbo la New South Wales lilipitisha sheria mwaka 2025 kwamba kabla ya kwisha kwa muda uliowekwa, yaani Julai 2030, kila halmashauri iwe inazipa nyumba huduma ya kuchukuliwa mabaki ya chakula pamoja na ya bustani; lakini mji wa Penrith, magharibi mwa Sydney, ulikuwa umeanza tangu mwaka 2009 bila kungoja amri hiyo. Nchini Marekani, mji wa San Francisco uliwalazimisha wakazi wake kutenganisha mabaki kwa sheria ya mwaka huohuo wa 2009. Korea Kusini ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2005 ilikataza kabisa mabaki ya chakula yasimwagwe moja kwa moja katika majaa, na tangu mwaka 2013 wakazi hulipa kwa kadiri ya wingi wa wanachotupa.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuueleza. Mwenye nyumba hupewa ndoo ndogo ya kuweka jikoni. Humo hutia maganda, makombo, mifupa na majani ya chai. Ndoo ikijaa huimimina katika pipa la nje, na mahali pengi hata nyasi zilizofyekwa na matawi yaliyokatwa hutiwa katika pipa hilohilo. Siku maalumu ya juma lori hupita. Mabaki ya bustani na ya chakula hupatana vizuri, kwani majani makavu na matawi yana kaboni nyingi, na makombo yana naitrojeni. Yakichanganywa kwa kiasi, yakapewa maji na kugeuzwa ili yapate hewa, lundo hupata joto la nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, joto linaloua mbegu za magugu na vijidudu vya maradhi. Baada ya miezi michache kilichokuwa kinanuka kimekuwa mboji, yaani mbolea nyeusi yenye harufu ya udongo baada ya mvua. Penginepo, kama ilivyo kwa makombo ya Milan, mabaki hutiwa katika matangi yasiyopitisha hewa, na gesi itokayo humo hukusanywa ikatumiwa kama nishati.

Makombo hayohayo yakizikwa ndani ya jaa pamoja na chupa, matambara na plastiki, huoza pasipo hewa, na gesi ya methani hutoka ikapotea angani. Kwa kipindi cha miaka 100, uzito ule ule wa methani huongeza joto la dunia zaidi ya mara 25 kuliko gesi ya kaboni itokayo katika moshi. Maji meusi yenye sumu huchuruzika kutoka lunduni yakaingia ardhini na mitoni. Ganda ni lilelile. Njia mbili zimelipa hatima mbili.

Hapa ndipo maadili yanapoingia, maana njia hizo mbili huachana jikoni, katika mkono wa mtu mmoja, kwa muda usiozidi kupepesa jicho.

Kuna hoja moja tunayoisikia mara kwa mara, nayo inastahili kusikilizwa kwa heshima. Mwenye nyumba husema: "Mimi nimelipa kodi. Nimelipa na ada ya taka. Nikishafunga mfuko wangu nikauweka nje ya lango, wajibu wangu umekwisha. Kinachofuata ni kazi ya waliolipwa kuifanya." Hoja hii haikutoka kwa mtu mwovu. Ndiyo msingi wa maisha ya mjini. Hatuchimbi visima vyetu, hatusagi unga wetu, wala hatujengi barabara inayopita mlangoni. Tunalipa, na wengine wanatenda. Kwa nini basi taka ziwe na sheria yake peke yake?

Jibu letu ni kwamba si kila kazi inaweza kukabidhiwa. Anayekula ndizi ndiye peke yake anayejua, bila kutafuta, kwamba alichoshika ni ganda. Wakati huo kulitenganisha hakugharimu kitu. Lakini ganda likishaingia katika mfuko mmoja na kiwembe, betri iliyokwisha, kitambaa cha mtoto na kipande cha chupa, ujuzi ule hupotea. Kuurudisha, lazima mtu mwingine atie mkono wake ndani ya mfuko, au mashine ya gharama kubwa ifanye kazi hiyo, na hata hivyo mboji itakayopatikana itakuwa na vigae vya kioo na vipande vya plastiki ambavyo hakuna mkulima atakayevikubali shambani mwake. Kwa hiyo wajibu wa kutenganisha haumwangukii mwenye nyumba kwa sababu halmashauri ni vivu. Unamwangukia kwa sababu yeye ndiye mtu wa mwisho awezaye kuufanya kwa urahisi. Kodi hununua lori na dereva. Haiwezi kununua ile nukta moja ya jikoni.

Waswahili husema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunapouona begani kwa mwingine, tunauona mwepesi. Mfuko uliofungwa vizuri na kuwekwa langoni ni kanda la usufi hasa: hauonyeshi uzito wake mpaka ufike unakokwenda.

Sisi tulio Uganda tunajua unakokwenda. Jaa la Kiteezi, kaskazini mwa Kampala katika wilaya ya Wakiso, lilianza kupokea taka za jiji mwaka 1996. Taka ziliongezeka, jaa likawa kilima, na chini ya kilima watu wakaendelea kuishi. Jumamosi tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, sehemu ya kilima hicho iliporomoka, ikazifunika nyumba na watu waliokuwamo. Waliokufa walizidi 30, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Miaka saba kabla ya hapo, tarehe 11 Machi 2017, jaa la Koshe mjini Addis Ababa lilikuwa limeporomoka vivyo hivyo, likaua watu zaidi ya 100.

Hatusemi kwamba maganda ya ndizi ndiyo yaliyoua. Jaa lililokwisha kujaa lisipofungwa, na watu wakiachwa waishi chini yake, hayo ni makosa ya uongozi, na uongozi hauna budi kuyajibu. Lakini tusijifiche nyuma ya makosa ya wakubwa. Kilima kile hakikuletwa na wakubwa peke yao. Taarifa ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 juu ya taka ilieleza kwamba katika nchi za kipato cha chini, mabaki ya chakula na ya majani ni kama sehemu 56 katika kila 100 za taka zote, na katika nchi tajiri ni kama 32. Ina maana kwamba zaidi ya nusu ya kile tunachokilundika ni kitu ambacho hakikuhitaji kwenda jaani hata kidogo. Ni kitu chenye maji, kinachooza, kinacholegea, kinachotoa gesi. Kila nyumba ilitia chake, kibaba kwa kibaba, na haba na haba hujaza kibaba hata pale tusipopenda kijae.

Wahenga walinena kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Methali hiyo ina huruma ndani yake: angalau mchumaji naye hula. Katika jambo hili la taka, mchuma janga hali. Aliyetupa anakaa juu ya kilima kingine chenye upepo mzuri, na anayeliwa ni mtu asiyemjua, ambaye kosa lake lilikuwa kushindwa kupanga nyumba mahali pengine. Hili ndilo linalolifanya suala la taka kuwa suala la maadili, wala si la usafi tu. Uchafu unaomrudia mwenyewe ni uzembe. Uchafu unaomwangukia mwingine ni dhuluma, hata kama aliyeutupa hakukusudia.

Sasa hebu tukabili upinzani wa pili. Wengine watasema: mkiyafanya haya kwa sheria na faini, mmeyaua maadili yenyewe. Mtu anayetenganisha maganda kwa kuogopa kutozwa hana wema wowote. Ni mwoga tu. Huyu Mkorea anayelipia kila kilo anayoitupa anahesabu fedha, wala hamwazii jirani.

Hoja hii ina ukweli, lakini si ukweli wote. Sisi walimu tungepaswa kuielewa kuliko watu wengine, maana kazi yetu nzima imejengwa juu ya mambo yanayoanza kwa kulazimishwa. Mtoto hakuja shuleni siku ya kwanza kwa kuipenda sarufi. Aliletwa. Alirudia ngeli za nomino kwa kuogopa alama mbaya. Kisha siku moja, bila yeye kujua ilikuwa lini, alisikia sikioni mwake kwamba sentensi mbovu inamkera, akairekebisha ingawa hakuna aliyekuwa akimwangalia. Sheria haikumpa upendo wa lugha. Ilimpa mazoea, na mazoea yalimfungulia mlango. Vivyo hivyo, mtoto aliyekulia katika nyumba yenye ndoo mbili atakapokuwa mtu mzima ataona kuchanganya ganda na plastiki ni jambo lisilopendeza, kama tuonavyo sisi kutema mate sakafuni. Tena waliomo chini ya jaa hawana nafasi ya kungoja mioyo yetu itakasike kwanza. Kwao, ganda lililotenganishwa kwa woga na lililotenganishwa kwa upendo yote mawili hayakuongeza kilima.

Hata hivyo, sheria ina masharti yake, na hapa tunataka kusimulia jambo lililotupata.

Miaka michache iliyopita, katika shule moja tuliyofundisha, wanafunzi waliweka mapipa mawili nyuma ya jiko: moja la maganda na makombo, la pili la taka nyinginezo. Waliyapaka rangi wenyewe, wakaandika juu yake kwa Kiswahili, na zamu zikapangwa. Kwa muhula karibu mzima utaratibu ulishikwa vizuri kuliko tulivyotazamia. Kisha asubuhi moja wanafunzi wa zamu, wakiwa wamesimama dirishani, waliwaona wachukuzi wakiyamimina mapipa yote mawili ndani ya lori moja. Hawakusema neno. Juma lililofuata maganda yalionekana katika pipa la pili, na karatasi na chupa katika pipa la kwanza, na hakuna aliyemkemea mwenzake. Nasi hatukuwa na la kuwaambia.

Tulilitafakari jambo hili kwa muda mrefu. Wachukuzi hawakukosa, walikuwa na lori moja na jaa moja, na hawakuambiwa lolote. Wanafunzi nao hawakukosa sana. Kutenganisha maganda si ibada yenye thawabu yake ndani yake. Ni wema kwa sababu ya mwisho wake: udongo unaorutubika, jaa linalopungua, jirani anayeokoka. Mwisho ukikatwa, tendo hubaki mchezo. Kwa hiyo utaratibu huu wa halmashauri si amri ya upande mmoja. Ni ahadi ya pande mbili. Mwenye nyumba anaahidi kutochanganya kilicho safi. Halmashauri inaahidi kutochanganya kilichotenganishwa. Halmashauri inayowatoza watu faini kwa kuchanganya, kisha ikachanganya yenyewe mbali na macho yao, imefanya kosa kubwa kuliko la mwenye nyumba, maana imewafundisha watu kudharau jambo jema. Na dharau iliyokwisha kufundishwa haifutiki upesi.

Uzoefu wa nchi yetu unathibitisha. Shirika la taifa la mazingira, kwa msaada wa Benki ya Dunia, lilijenga viwanja vya kutengenezea mboji katika miji kadhaa ya Uganda, kama vile Mbarara, Jinja, Mbale, Lira, Soroti, Kabale na Fort Portal. Lilikuwa wazo jema, na lilitangulia mengi ya yale yanayosifiwa leo katika nchi tajiri. Lakini taka zilitoka majumbani zikiwa zimechanganyika, na kazi ya kutenganisha ikaachiwa mikono ya vibarua uwanjani. Sehemu moja ya ahadi ilijengwa kwa saruji, na ya pili, ile ya jikoni, haikujengwa. Kinyume chake, halmashauri zilizofanikiwa ng'ambo zilianza kwa kupeleka ndoo mlangoni pamoja na mtu wa kueleza matumizi yake, ndipo zikadai.

Lakini je, wanafunzi wetu walipaswa kuacha? Hapa tunakiri kosa letu sisi walimu. Wajibu haukufa siku ile, ulibadili sura. Kama lori halitofautishi, basi lilikuwapo shimo ambalo lingechimbwa nyuma ya shule, na jembe lilikuwapo, na ardhi ilikuwapo. Tulilichimba mwaka uliofuata. Maganda ya jikoni na nyasi za uwanja ziliingia humo tabaka kwa tabaka, na mboji yake ikatiwa katika bustani ya mboga. Tulikawia mwaka mzima kuliwaza jambo jepesi namna hii, kwa kuwa tulidhani kwamba halmashauri ikishindwa sisi tumesamehewa. Hatukuwa tumesamehewa.

Tusije, hata hivyo, tukaisifu ndoo kupita kiasi. Kuna hatari kwamba pipa zuri la makombo litatuliza dhamiri ya mtu anayetupa chakula kizima. Atajiambia, "Si kitu, kitakuwa mboji." Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba katika mwaka 2022 pekee dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na kwamba sehemu 60 katika kila 100 za hizo zilitoka majumbani. Mwaka huo watu zaidi ya milioni 700 walilala na njaa. Wali uliopikwa ukatupwa haukomboleki kwa kugeuzwa mbolea. Jasho la mkulima, kuni na maji vimekwisha kupotea. Mboji ni heshima ya mwisho tunayokipa kisicholika. Isiwe kisingizio cha kutupa kinacholika.

Kwa upande huu lugha yetu ina mafunzo. Tazameni jinsi Kiswahili kinavyoyataja mabaki. Chakula kilicholala ni kiporo. Kilichosazwa sahanini ni makombo. Wali ulioganda chini ya sufuria ni ukoko, na methali inausifu, kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Nazi iliyokwisha kukamuliwa tui ni machicha. Nafaka ikitwangwa huacha pumba na wishwa. Hindi likipukuchuliwa hubaki gunzi. Nazi ikifuliwa huacha kumbi, na ikivunjwa huacha kifuu. Kila bakio lilikuwa na jina lake kwa kuwa lilikuwa na pa kwenda: kiporo kwa watoto asubuhi, machicha na pumba kwa kuku, kumbi kwa kamba, kifuu kwa kata ya maji au kwa moto. Hayakuitwa taka, kwa sababu taka ni jina la vitu vilivyopoteza majina yao.

Tusidanganyike lakini kwamba wazee wetu walikuwa watakatifu. Ganda lilitupwa migombani kwa sababu migomba ilikuwa hatua kumi kutoka jikoni, na kwa sababu maganda yalikuwa machache. Wema wao haukujaribiwa kama unavyojaribiwa wetu. Mpangaji wa chumba kimoja mjini hana mgomba wala mbuzi. Ndiyo sababu halmashauri inahitajika: lori la makombo si jambo geni lililotoka Ulaya kuja kutufundisha usafi, bali ni ile njia ya zamani ya kutoka jikoni kwenda migombani, iliyorefushwa kwa kuwa mji umekuwa mkubwa. Na inapojengwa, ijengwe kwa haki. Mjini Kampala wapo watu wanaokusanya maganda ya ndizi na kuyauza kwa wafugaji. Wao walianza kutenganisha kabla ya sheria yoyote kuwaamuru. Lori litakalopita likiwanyang'anya riziki yao kwa jina la mazingira litakuwa limeondoa uchafu barabarani na kuuweka katika nafsi zetu.

Basi tumjibu mwanafunzi wetu. Ganda la ndizi haligeuki taka linapotoka katika ndizi, wala linapoanguka chini. Linageuka taka wakati tunapolichanganya na visivyo jamaa yake hata lisiweze tena kurudi popote. Na ni la nani? Ni letu sisi tuliokula, mpaka lifike mahali litakapokuwa kitu kingine: chakula cha mbuzi, udongo, au moto wa jikoni. Tunaweza kumkabidhi mwingine alibebe, na ni haki yetu kumdai alibebe vizuri. Hatuwezi kumkabidhi ule wajibu wa kulijua kuwa ni ganda.

Kwa walimu wenzetu tunatoa pendekezo dogo. Siku mtakapofundisha nomino za mabaki, msianze na kamusi. Waambieni wanafunzi walete orodha ya kila kilichotupwa nyumbani kwao kwa siku moja, kila kitu kwa jina lake, pasipo kulitumia neno "taka" hata mara moja. Kisha waandike mbele ya kila jina mahali ambapo kitu hicho kingeweza kwenda. Sisi tumeijaribu kazi hiyo. Orodha zilikuwa ndefu, wanafunzi wengi walilazimika kuwauliza bibi zao majina waliyokuwa hawayajui, na yule aliyetuuliza swali la kwanza alileta mistari minne tu. Tulipomwuliza sababu, alisema kwamba vingine vyote vilikuwa vimekwisha kuliwa na mbuzi.